Gari la Mkurugenzi Linaingia Kinyumenyume

Fahali alipouzwa kwa mnada, wafanyakazi wa Idara ya Nishati Mpya walijazana madirishani kumtazama akivutwa kwa mnyororo kutoka uani, na zaidi ya mmoja alifuta machozi. Fahali hakuwa ng'ombe. Lilikuwa gari la Mkurugenzi, gari la dizeli, kubwa, kongwe, lenye moshi wa kutosha kufukuza mbu wa mtaa mzima. Miaka yote ambayo idara ilihubiri jua na upepo, mhubiri mkuu alifika kazini ndani ya Fahali, na hakuna aliyeona kichekesho hicho mpaka gazeti moja lilipopiga picha ya ule moshi na kuiweka ukurasa wa mbele. Wiki hiyohiyo fedha za gari la umeme, zilizokuwa hazipatikani kabisa, zikapatikana.

Aliyeumia kuliko wote alikuwa dereva. Jengo zima lilimwita Mjomba, kwa sababu karani wa masjala, binti wa marehemu dada yake, alimwita hivyo siku ya kwanza alipoanza kazi, na jina likanata. Mjomba alikuwa mzee mwembamba, mtanashati, shati limepigwa pasi likapigika, na alikuwa na siri ambayo kila mtu kazini aliijua isipokuwa Mkurugenzi. Kila walipokuwa wanakaribia ofisini, wakifika kona ya duka la mikate, Mjomba alirudisha gia kwa nguvu pasipo sababu yoyote. Fahali alinguruma mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka.

Hiyo ndiyo ilikuwa kengele. Mhasibu alikusanya karata mezani kwa mkono mmoja na kufungua faili kwa mkono wa pili. Dada wa mapokezi alivua kandambili akavaa viatu vya kisigino. Mlinzi wa getini aliamka, akapapasa kofia yake, akajifanya anafukuza paka. Mkurugenzi alipopanda ngazi aliwakuta watu wameinamia kazi, hata hawana habari kwamba ameingia, masikini ya Mungu, na kila mara alitabasamu kwa fahari. Alikuwa ameiongoza idara ile miaka nenda rudi bila kuiona hata siku moja.

Wengine kengele ile iliwaokolea mchezo wa karata. Binti wa masjala ilimwokolea kibarua. Alikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio, na alikuwa na mtoto mchanga asiye na pa kumwacha. Mumewe alikuwa mbali huko milimani, akisimika minara ya upepo kwa ajili ya mpango huohuo wa taifa, na nyumbani alikuja kwa nadra kama mgeni. Jirani aliyekuwa akimshika mtoto alikuwa amehama. Kanuni zilikataza watoto ofisini, na tangazo lake lilibandikwa kwenye ngazi, chini ya picha kubwa ya familia yenye furaha ikitazama taa ya sola. Akionekana mtoto, mama yake anafukuzwa papo hapo. Karani mmoja alikuwa ameshafukuzwa hivyo kabla yake.

Basi mtoto alilala masjala, nyuma ya kabati la mwisho, ndani ya boksi lililokuja na paneli za sola, juu ya blanketi. Wafanyakazi walimwita Naibu, ili wakimzungumzia koridoni Mkurugenzi asishtuke. Naibu ameamka. Naibu amekunywa maziwa. Naibu amechafua tena. Fahali akinguruma kwenye kona, binti alimchukua Naibu chapuchapu, akashuka ngazi za nyuma na kumkabidhi kwa mama wa chai, aliyekuwa na kibanda nje ya ukuta. Mama wa chai hakuweza kukaa naye kutwa, maana kibanda kizima kilikuwa jiko la mkaa na masufuria ya moto. Lakini muda ule mfupi ulitosha. Mkurugenzi alikuwa na mazoea ya kupita masjala kuchukua barua zake mwenyewe, kisha anajifungia ofisini kwake kwenye kiyoyozi, na Naibu anarudishwa botini kimyakimya, maana boksi lenyewe waliliita boti.

Mjomba alijiona shujaa, na kwa kweli alitendewa kama shujaa. Dada yake, siku zake za mwisho, alimshika mkono akamwomba binti asihangaike, naye kila akipiga ile gia alihisi anatimiza ahadi. Jambo moja tu hakupenda kulifikiria. Umri wake wa kustaafu ulikuwa umeshapita. Alikuwa amembembeleza Mkurugenzi amwongezee mkataba, akidai hakuna mwingine anayemwelewa Fahali. Nyumbani, katika vyumba viwili alivyoishi na mpwa wake na yule mtoto, kulikuwa na kiti kimoja kizuri cha mbao barazani, na Mjomba alikiogopa kile kiti kama jeneza.

"Mjomba, kwani huchoki?" binti aliwahi kumuuliza, huku amempakata mtoto.

"Nichoke na nini, mama? Mimi nimekaa tu. Gari ndilo linalokwenda."

Binti alimtazama kidogo, akamhamishia mtoto bega la pili.

Gari jipya lilikuwa jeupe, zuri, na lilipotembea lilitoa sauti ya friji ya jirani. Mkurugenzi alikusanya watu uani akalihutubia taifa, ingawa taifa halikuwepo. "Ukimya huu, ndugu zangu," alisema, akilipapasa boneti, "ndiyo sauti ya maendeleo."

Kesho yake maendeleo yalifika getini na kumkuta mlinzi amelala, mdomo wazi. Yalipita mapokezi yakakuta kandambili. Yalifungua mlango wa uhasibu na kumfumania mhasibu ameshika karata nzuri kuliko zote alizowahi kugawiwa. Mkurugenzi alibaki ameduwaa kama mtu aliyeingia nyumba ya watu wengine. Kisha akaelekea masjala. Mjomba alimfuata nyuma na mkoba. Akauachia mkoba ukabingirika ngazi nzima hadi chini.

"Samahani bosi!" akapiga ukelele wa kusikika mtaa wa pili. "Samahani sana bosi, unaingia masjala?"

Binti aliwahi kulifunika boksi kwa faili mbili. Naibu alikuwa amelala fofofo, na usingizi wake ndio uliomwokoa mama yake siku ile. Mkurugenzi alichukua barua zake akaondoka, akitikisa kichwa.

Jioni yake, mezani, binti aliiacha sahani yake imejaa. 

Mkurugenzi naye hakukaa kimya. Alikuwa amegundua kwamba watumishi wake ni wavivu, na badala ya kujiuliza kwa nini hakujua siku zote hizo, alimpelekea Waziri ripoti kwamba gari la umeme linaongeza nidhamu kazini. Ripoti ikazunguka wizara zote. Wakubwa waliokuwa wakisema magari hayo ni ghali, hayajathibitika, yasubiri kidogo, sasa wakaanza kuyagombania. Kila mmoja alitaka kuingia kimyakimya na kuwafumania watu wake. Mpango wa taifa ambao ukame, mafuriko na mikutano ya kimataifa vilishindwa kuusukuma, sasa ukaenda mbio kwa nguvu ya umbea wa mabosi.

Mjomba alihangaika. Alijaribu honi pale kwenye kona.

"Mjomba," Mkurugenzi akamwambia, "honi ni mambo ya zama za mafuta."

Akajaribu kuimba, dirisha likiwa wazi. Mkurugenzi akamwomba afunge dirisha, na ikiwezekana mdomo. Akajaribu kukohoa, kikohozi kikubwa chenye vituo, mpaka siku moja Mkurugenzi akaingiwa na huruma ya kweli na kumpeleka hospitali, ambako daktari alimkuta na mapafu ya kijana. Mjomba hakuwahi kuchukizwa na habari njema kiasi kile. Na muda wote huo binti alikuwa anafanya kazi sikio moja mlangoni, hashibi, halali, na kila akimnyonyesha mtoto anatazama kitasa.

Ukombozi ulitokea kwenye chaji. Mjomba alikuwa anaegesha gari penye mashine ya kuchajia, akaweka gia ya kurudi nyuma, na gari likalia. Tii! Tii! Tii! Mlio mkali, wa kuchoma masikio, uliowekwa na watengenezaji ili watu wasikanyagwe na kitu wasichokisikia. Mjomba alikanyaga breki. Akarudi nyuma tena kidogo. Tii! Tii! Akacheka peke yake mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Asubuhi iliyofuata, kwenye kona ya duka la mikate, Mjomba alisimamisha gari, akaligeuza, akatazama kioo cha pembeni, na kuanza kurudi nyuma kuelekea ofisini, taratibu, kwa heshima zote, mtaa mzima.

"Mjomba! Vipi tena?"

"Betri, bosi."

"Betri imefanya nini?"

"Si unajua tena. Betri za siku hizi zikiwa na joto hazitaki kuingia maegesho kwa mbele. Ukiziingiza kwa nyuma zinapumua." Mjomba akaongeza kwa unyenyekevu, "Lakini mimi ni nani nikufundishe wewe mambo ya betri?"

Mkurugenzi hakujua lolote kuhusu betri. Alikuwa mtu wa mipango na hotuba, na alikuwa ameshachelewa mno kuuliza. Alijiweka sawa kwenye kiti.

"Ninalijua hilo," akasema. "Nilikuwa nakupima tu."

Walipoingia uani, mlinzi alikuwa wima, kofia kichwani. Dada wa mapokezi alikuwa juu ya visigino. Mhasibu alikuwa ameinamia faili na jasho limemtoka. Masjala kulikuwa na karani mmoja mtulivu, na boksi lililojaa blanketi tu. Mkurugenzi alishukuru kimoyomoyo kwamba ukali wake umezaa matunda.

Uongo ule ungebaki pale kwenye kona usingekuwa na neno. Lakini Mkurugenzi alipenda kuonekana anajua, na kwenye chakula cha mchana na wakurugenzi wenzake akawaeleza habari za upumuaji wa betri. Hakuna aliyethubutu kuuliza. Muda si mrefu ukatoka waraka: magari yote ya umeme ya serikali yataingia katika maeneo ya ofisi kinyumenyume, kwa ajili ya kulinda mali ya umma. Fundi wa kampuni iliyoyauza alijaribu kusema kwamba hajawahi kusikia kitu kama hicho, akaambiwa kwamba mazingira ya hapa ni tofauti. Jiji zima likawa linalia tii, tii, tii kila asubuhi, na katika kila jengo la serikali watu wakawa wanakusanya karata zao kwa wakati. Madereva wasiomjua Mjomba walimtumia salamu.

Binti alianza kunenepa tena. Jambo moja tu lilimtia wasiwasi.

"Mjomba, huyu siku hizi akisikia ule mlio anapiga kelele. Anacheka, anarusha miguu. Ameshajua anabebwa kwenda kwa mama wa chai kuchezea vijiko."

"Si vizuri? Anajua babu yake amefika."

Mjomba alifurahi mno kwa hilo. Alilisimulia hata kwa muuza mikate.

Kisha Waziri akatangaza ziara. Alikuwa anakuja yeye mwenyewe kuikabidhi idara tuzo, kwa kuongoza nchi kuachana na mafuta na kwa nidhamu ya watumishi. Jengo likapakwa rangi. Mkurugenzi akaamuru wafanyakazi wote wapange mstari uani kumpokea mgeni, asibaki mtu ndani, na karani wa masjala, kwa kuwa ana uso wa bashasha, ashike maua. Akaamuru pia kibanda cha mama wa chai kiondolewe siku hiyo, kwa sababu moshi wa mkaa ungeitia aibu nishati mpya mbele ya wapiga picha.

Binti alimtazama Mjomba, Mjomba akamtazama binti. Hakukuwa na pa kumpeleka mtoto. Ruhusa zilikuwa zimefutwa. Asubuhi ya ziara binti alimnyonyesha Naibu mpaka akalala, akamfunika, akarudisha mlango wa masjala, akashuka kushika maua.

Mjomba alikuwa amekwenda na Mkurugenzi kuupokea msafara wa Waziri na kuuongoza. Magari yalikuwa mengi, meupe, ya umeme yote, yamejaa wakubwa. Walipokaribia kona ya duka la mikate, Mjomba akaelewa jambo ambalo lilipaswa kumjia akilini tangu jana. Leo hakukuwa na haja ya kengele. Watu wote walikuwa tayari, wamepiga mstari. Mtu pekee ambaye kengele ingemwamsha alikuwa yule asiyetakiwa kuamka.

"Bosi," akasema, na sauti ilimtoka nyembamba, "leo tuingie tu kwa mbele. Kwa heshima ya mgeni."

"Kwa mbele? Na betri?"

"Leo imepoa, bosi. Nimeigusa mwenyewe."

"Mjomba, nakushangaa. Wewe ndiye wa kwanza kufuata utaratibu huu, leo unataka niuvunje mbele ya Waziri aliyeusaini?" Mkurugenzi alirekebisha tai. "Waraka ni waraka. Geuza."

Mjomba akageuza. Nyuma yake gari la Waziri likageuza, na la pili, na la tatu, msafara wote ukaanza kurudi nyuma kuelekea wakati ujao, unalia tii, tii, tii, kila gari kwa sauti yake. Katika kioo cha pembeni Mjomba aliuona mstari wa wafanyakazi ukikaribia, na katikati yake akaona uso wa mpwa wake, na maua yanayotetemeka. Alitamani gari lile lizimike. Lilikuwa zima kabisa, betri inapumua vizuri.

Magari yalisimama. Ukimya ukatanda, ukimya wa maendeleo, na kutoka dirisha la juu ikasikika sauti ya mtoto akishangilia kwa nguvu zake zote.

Waziri, mwanamke mnene mwenye miwani, aliinua kichwa. "Nani huyo?"

"Naibu, Mheshimiwa," mlinzi akaropoka kwa woga.

"Naibu? Idara hii haina naibu."

Wakapanda ngazi, Waziri mbele, Mkurugenzi nyuma akiwa amebadilika rangi, wapiga picha na wengine wote wakifuata. Mlango wa masjala ulifunguliwa. Naibu alikuwa amejiinua ndani ya boksi, ameshika ukingo kwa mikono yote miwili, amewatolea wageni meno yake mawili.

"Mtoto wa nani huyu?" Waziri akauliza.

Maua yalimdondoka binti. Alifungua mdomo.

"Wangu, Mheshimiwa," Mjomba akasema.

Waziri alizitazama mvi zake. "Wako?"

"Mjukuu wangu. Nimemleta mimi, nimemficha mimi. Hawa wote hawajui kitu. Huyu karani ndiyo kwanza anamwona."

Mtoto angeweza kuwaumbua wote wawili kwa kumnyooshea mama yake mikono. Binti alikuwa pale, hatua chache tu. Lakini Naibu alikuwa amesikia mlio, na kwake mlio maana yake ilikuwa babu. Akamnyooshea Mjomba mikono, akapiga ukelele mwingine. Mjomba alimbeba, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya dada yake, akalia mbele ya watu.

Siku ya tuzo ya nidhamu lazima mtu aadhibiwe. Mkataba wa Mjomba ulisitishwa palepale, lakini kwa kuwa kamera zilikuwepo na Waziri alikuwa ameguswa, kusitishwa kukaitwa kustaafu kwa heshima. Mkurugenzi alimsifu kwa dakika kadhaa na kumkabidhi taa ya sola. Watu walipiga makofi, na mhasibu alipiga kwa uchungu kuliko wote, maana alidhani kengele ndiyo imekufa.

Haikufa. Waraka ulikuwa bado upo. Dereva mpya, kijana mwadilifu asiyejua lolote, aliingia kinyumenyume kila siku kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa.

Jumatatu iliyofuata binti alijiandaa kwenda kazini peke yake. Alimweka mtoto mikononi mwa Mjomba, aliyekuwa ameketi barazani kwenye kile kiti, amevaa shati lake lililopigwa pasi.

"Utamweza, Mjomba?"

"Nimeendesha Fahali, nitashindwa na huyu?"

Binti hakuondoka. Alisimama, anachezea mkanda wa mkoba. "Nilikuwa nataka kukuomba hivi tangu mwanzo," akasema. "Ukae naye. Lakini nilikuona jinsi unavyoipenda ile kazi. Nikasema basi, nitajibana."

Mjomba alimvuta mtoto kifuani. Alimtazama mpwa wake akivuka barabara, akakumbuka ile sahani iliyobaki imejaa, yale maua yaliyotetemeka, yale macho yasiyobanduka kwenye kitasa, na aliona aibu, aibu ya kweli, ya mtu aliyesifiwa siku zote kwa kuzima moto alioweza kuuzuia kwa kukaa kwenye kiti. Angemwambia nini dada yake? Kiti chenyewe, alipokisikiliza mgongoni, kilikuwa laini tu.

Naibu alipoona mama amepotea alianza kulia. Mjomba akambembeleza, akamwimbia, akampa chupa ya maziwa, akampa vijiko. Mtoto alilia mpaka jasho likamtoka. Mwisho Mjomba alisimama, akatazama huku na huku kama hakuna mtu, akamkumbatia vizuri kifuani, na kuanza kutembea kinyumenyume kuzunguka uani.

"Tii," akasema. "Tii. Tii. Tii."

Mtoto akanyamaza, akamkodolea macho, kisha akaangua kicheko.

Jirani akachungulia juu ya ukuta. "Mzee, vipi tena?"

"Betri," Mjomba akajibu, akaendelea kurudi nyuma.